Pima Mkono Ulio Kazini

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo hukiweka chini kikombe cha chai. Ilikuwa Temeke, zama za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa peke yangu katika karakana ya useremala, nimefunga mlango kwa ndani, nang'oa mipini ya zana za watu na kuitia motoni. Nilikuwa nafanya wema. Hilo ulishike tangu mwanzo: nilikuwa nafanya wema.

Lakini kabla sijafika huko, mjue kwanza anayesema nawe, maana siku hizi kila mtu ana ushauri, na ushauri umekuwa mwingi kama vumbi la mbao. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani. Baba yangu alirina asali. Mimi nilipanda meli. Nilikwenda Uingereza, nikakaa miaka miwili na miezi mitatu katika chuo cha useremala, nikarudi na diploma yenye muhuri mwekundu. Sikupewa kwa kujuana na mtu. Nililala na njaa, nikavumilia baridi inayouma masikio, na katika mtihani wa viungo vya mbao nikawashinda wenye nchi yao. Nyumba hii ya Kinondoni ninayoandikia, kila mlango wake nimeutengeneza kwa mikono yangu, na hakuna hata mmoja unaokwaruza sakafu. Njoo ujaribu. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema ili ujue kwamba aliyekosea hakuwa mjinga. Mjinga akikosea hana la kukufundisha.

Basi niliporudi nilipewa ukuu wa mafundi kumi na wawili katika karakana ile ya Temeke. Tulikuwa tukitengeneza milango na madawati ya shule mpya. Mafundi wale walikuwa wazuri, ila zana zao zilinitia aibu. Patasi hii mpini wake umeviringishwa mpira wa baiskeli, ile umefungwa kipande cha kanga, nyingine mpini umelika upande mmoja kama muwa uliotafunwa. Yote imekuwa myeusi kwa jasho. Kule nilikotoka zana zilipangwa ukutani, mipini yake sare, inang'aa, kama askari wa gwaride.

Uliozidi yote kwa ubaya ulikuwa mpini wa patasi ya Mzee Nandonde. Huyu alikuwa Mmwera wa Nachingwea, mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Kazi yake ilikuwa kutoboa matundu ya miimo ya milango, yale ambamo ulimi wa ubao wa pili huingia. Tundu alilotoboa yeye, ulimi uliingia kama mtu anayeingia kwake. Ujanani alifanya kazi katika shamba la mkonge huko Lindi, na mashine ikamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule wa kushikia patasi, kile cha mwisho na jirani yake. Mpini wake ulikuwa wa mkwaju, umepinda, una shimo la kidole gumba juu, na upande wa chini una nundu kama ya ng'ombe.

Nilijua kwamba mzee hana vidole viwili. Nilijua pia kwamba mpini una nundu. Mambo haya mawili yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasioamkiana.

Jumapili ile nilikanyaga mashine ya kukereza tangu asubuhi. Nikatoa mipini mipya kwa kipimo cha chuo, kipimo kimoja kwa wote, nikaipaka vanishi. Ile ya zamani niliitia chini ya chungu cha gundi, ichemshe gundi, angalau ife na faida. Mpini wa Mzee Nandonde ulichelewa kushika moto. Ulitoka jasho kwanza, matone madogo yakachemka juu yake, ndipo ukawaka. Niliuangalia mpaka ukaisha, nikicheka peke yangu.

Jumatatu mafundi walizikuta zana zao zimepangwa mstari.

"Ahsante, Bwana Maganga," huyu akasema.

"Mungu akuzidishie," akasema yule.

Mzee Nandonde aliinua patasi yake, akaigeuza, akatazama chini ya benchi, akatazama tena mkononi.

"Ule mwingine uko wapi?"

"Nimeuchoma, Mzee. Ulikuwa umechakaa."

"Eeh," akasema. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu."

Basi. Nawe wazijua adabu zetu: mtu akikupa kanzu humwambii inabana, hasa akiwa ndiye mkuu wako wa kazi. Jumanne niliona vitambaa vimerudi. Huyu kaufunga mpini wake kwa utepe wa gunia, yule kwa mguu wa soksi. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wanaitunza vanishi isichubuke. Nikafurahi.

Jumatano akaja msimamizi wa kampuni ya ujenzi, Mwingereza mmoja mwenye kofia pana, kukagua kazi. Alisimama nyuma ya Mzee Nandonde, aliyekuwa akitoboa mwimo wa mvule. Mzee akagonga. Mpini ule laini ukazunguka ndani ya vidole vyake vitatu, patasi ikaenda mrama, na mwimo ukapasuka kuanzia tundu mpaka mwisho.

Msimamizi aliushika mkono wa mzee, akaugeuzageuza kama anayekagua kuku sokoni.

"Mkono huu umekwisha," akasema kwa Kiswahili chake. "Ngoja Jumamosi. Nikija Jumamosi akiwa hawezi, aende kwake." Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ni fundi mkuu. Unasema nini?"

Mwanangu, hapo ndipo palipokuwa pangu pa kusema. Mti ulikuwa umepasuka mbele yangu na sababu yake nilikuwa nimeikereza mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuona jinsi mpini ulivyozunguka. Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Neno moja tu. Mzee Nandonde alinitazama, wala si kwa hasira, akainama kuokota vibanzi.

Ukitaka kujua uzito wa neno lile, fikiri kidogo. Mtu wa umri ule, mwenye vidole vitatu, nani angemwandika kazi mjini? Kwao Nachingwea hakuwa tena na shamba. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe, na baada ya ile hapakuwa na nyingine.

Jioni, wakati tunafagia, akanijia Hamisi. Hamisi alikuwa fundi wa randa, Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wewe mtoto wa leo huenda hujui nguvu ya utani. Mtani wako husema lile ambalo ndugu yako analimeza, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Mtani," akasema, "hivi huko Ulaya walikufundisha nini?"

"Useremala."

"Tu?"

"Tu. Kwa nini?"

"Basi hukumaliza masomo. Mipini umeshatupa, sasa sie tunangoja ututengenezee na mikono ya kuishikia." Akafunua kiganja chake. Kilikuwa kimejaa malengelenge. "Nitazame mie, fundi wa siku nyingi. Siku tatu tu nimekuwa kama bwana harusi anayelima kwa mara ya kwanza."

"Mbona hamkusema?"

"Nani akwambie? Kutwa unatuonyesha muhuri wako mwekundu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, Mnyamwezi. Babu yako alibeba mizigo ya watu akaifikisha. Wewe umekuta mzigo wa mzee wa watu umeuchoma moto. Vile vidole vyake viwili, unajua vilikuwa wapi? Vilikuwa kwenye mpini. Alivichonga mwenyewe kwa mkwaju. Mashine ya mkonge ilimla mara ya kwanza, na Jumapili ukamla wewe."

Wahenga walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Siku ile sikula.

Alhamisi nilifika karakana wa kwanza. Nikamwita Mzee Nandonde, nikaulaza mkono wake juu ya benchi, nikaupima kwa bikari na rula, kila kidole na kila pengo, nikaandika tarakimu ukurasa mzima. Nikachonga mpini wenye nundu, nadhifu kuliko ule wa zamani mara kumi. Mzee akaushika, akagonga mara mbili juu ya kipande cha ubao, akatikisa kichwa. Nikachonga wa pili. Akatikisa kichwa tena.

Nikapandisha sauti. "Mzee, vipimo haviongopi!"

Akaiweka patasi chini taratibu. "Kaa kitako, mwanangu."

Nikakaa. Mbele ya mafundi wote kumi na wawili, mimi mwenye diploma nikakaa juu ya kigogo kama anayenyolewa.

"Ulipoupima mkono wangu, wenyewe mkono ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa umetulia, juu ya benchi."

"Basi umempima mtu aliyelala. Mkono uliotulia hauna neno, wa kila mtu ni mzuri. Mkono ulio kazini ni mwingine. Unafura, unajikunja, unaogopa. Mimi nikigonga, kidole hiki hukimbilia huku." Akanionyesha kile cha katikati. "Unajua kwa nini? Bado kinawatafuta wenzake. Miaka ishirini na kitu sasa, hakijasadiki kwamba hawapo. Pima hilo."

"Nalipima vipi, Mzee?"

"Baba yako si mrina asali? Unayo nta?"

Nilikuwa nayo. Mama alikuwa ameniletea donge zima kutoka Tabora, nikawa naipaka kwenye meno ya msumeno.

"Ilete nyumbani kwangu jioni, nikiwa nimechoka. Asubuhi kila mtu ana mkono wa kijana."

Alikaa hapohapo Temeke, nyumba ya makuti yenye ua mdogo. Jua lilikuwa bado halijatua. Mkewe, Mama Fabiani, alikuwa amepiga magoti anapuliza moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamgeukia mumewe. "Huyu ndiye aliyekuchomea vidole?"

"Ndiye."

"Mbona amekonda? Mpe uji kwanza. Mchoma vidole naye ana tumbo."

Nikanywa uji nikitazama chini. Kisha tukailainisha nta karibu na moto, tukaiviringisha kwenye kijiti, na kijiti tukakitia chuma cha patasi. Mzee akachukua kipande cha ubao laini akaanza kukichonga kwa kuusukuma mkono, pole, kama mtu asiyetazamwa. Nta ikabonyea. Alipoacha, niliigeuza kwenye mwanga. Shimo la kidole gumba lilikuwa pale. Kidole cha katikati kilikuwa kimelala mshazari, kinaelekea pembeni, kama alivyosema. Na mahali pa vidole vile ambavyo havipo, nta ilikuwa imekwenda yenyewe, ikajaa, ikainuka. Nikaiona nundu ileile niliyoicheka. Haikuwa ubaya wa uchongaji. Ilikuwa nafasi ya vidole viwili, imejichora yenyewe mbele ya macho yangu.

"Sasa tunahitaji mti," nikasema. "Nitaleta mninga."

Mama Fabiani alikuwa amekwisha kusimama. Akanyoosha mkono juu ya dari ya jiko, akatoa kipande cha mpera, cheusi kwa masizi, kigumu kama mfupa.

"Kina miaka mitatu kwenye moshi," mzee akasema. "Mti wa mpini haukaushwi juani. Jua lina haraka, na kinachokaushwa kwa haraka hupasuka kwa haraka."

Sikujua anasema habari ya mti au habari yangu.

Ijumaa karakana ilifungwa mapema kwa ajili ya sala, nami nikakaa uani kwa Mzee Nandonde alasiri yote. Mashine ya kukereza sikuigusa. Nilichonga kwa kisu, nikakwangua kwa kipande cha chupa, nikalainisha kwa jani la msasa, lile jani la mti ambalo wazee wetu walikuwa nalo kabla karatasi yake haijaja kwenye meli. Kila nilipotoa unene wa ukucha, nilimpa aushike.

"Hapa panasema," alikuwa akiniambia.

"Panasemaje?"

"Panasema, 'sogea kidogo.'"

Nami nasogea. Vanishi alinikataza. Vanishi ikikutana na jasho huteleza. Akanipa mafuta ya nazi kidogo, akaniambia kilichobaki kitafanywa na mkono wenyewe.

Jumamosi msimamizi akaja. Mzee Nandonde akawekewa mwimo mpya wa mvule, na watu wote wakaacha kazi, wakijifanya wanatafuta kitu. Akagonga mara ya kwanza. Nilikuwa natazama kidole kile cha katikati. Kilikimbilia pembeni kama kawaida yake, kikaikuta nundu, kikatulia. Akaendelea kugonga bila kuinua macho. Alipomaliza, Hamisi alileta ubao wenye ulimi, akausukuma kwa kiganja tu, ukaingia mpaka ukafika mwisho.

Msimamizi alipitisha kidole kwenye kiungo, asipate pa kukwama. Akaichukua patasi, akaitazama. "Mpini mbaya sana huu."

"Huo ndio mzuri, bwana," nikasema. "Mbaya ulikuwa wangu. Mpini wake wa kwanza niliuchoma mimi, bila kumwuliza. Jumatano uliponiuliza nami nikakubali kwamba mkono umekwisha, nilisema uongo. Mkono haukuwa na kosa lolote."

Hamisi alikohoa, kikohozi cha mtu anayekizuia kicheko.

"Na diploma yako?" msimamizi akauliza.

"Ipo palepale, bwana. Sasa imeongezeka."

Hakupenda jibu lile. Mzee Nandonde alibaki na kazi yake, lakini Jumatatu mimi nikavuliwa ukuu kwa miezi mitatu, nikawekwa kwenye benchi moja na Mzee Nandonde kutoboa matundu. Hamisi alinipokea kwa kunitandikia gunia. "Karibu chini, mtani. Huku ndiko kwenye hewa."

Nakuambia kweli, miezi ile mitatu nisingeiuza. Benchi lile ndilo lililonifundisha mipini. Nilichonga upya ya mafundi wote, mmoja mmoja, kila mtu jioni kwa nta ya Tabora. Baadaye watu walinitafuta kutoka Mwananyamala mpaka Mtoni: wachonga vinyago wa Kimakonde na tezo zao, maseremala wenye mikono mikubwa kama sinia, hata mshona viatu mmoja. Hakuna aliyerudi kulalamika malengelenge. Diploma walikuwa nayo wengine baada yangu. Kazi ya mipini mjini humu nilikuwa naijua mimi.

Mzee Nandonde alifariki mwaka mmoja kabla ya uhuru. Baada ya arobaini Mama Fabiani akaja na kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na chuma cha patasi peke yake, kimenolewa, hakina mpini.

"Mpini amekwenda nao," akasema. "Kwao, chuma hurithiwa, mpini haurithiwi. Alisema utie wako."

Nikafanya kazi kutwa, na jioni, nimechoka, nikaviringisha nta kwenye kijiti nikaishika. Ukiniuliza nilichoona, nitakwambia nilishangaa. Mkono niliodhani ni wa kipimo cha chuo ulikuwa umepinda upande, na kidole gumba kinakandamiza kupita kiasi, kama mtu anayeogopa kupokonywa. Kumbe mkono wangu mwenyewe nao sikuwa nimepata kuupima.

Basi, mwanangu, wewe uliyemaliza chuo, ninakupongeza, na diploma yako itie kioo uitundike. Elimu ni mali, usikubali mtu akutie haya kwa kuwa nayo. Lakini ukifika penye kazi ukakuta kitu kilichopinda, usikinyooshe kabla hujamwuliza aliyekipinda. Huenda nundu unayoicheka ndiyo vidole vya mtu. Ukitaka kumsaidia mwenzio, mpime akiwa kazini, tena jioni amechoka, wala usimpime amekaa mbele yako kwa heshima. Mbele yako kila mtu ana mkono mzuri. Anayekushukuru upesi, mtazame kiganja. Ukikosea, sema siku ileile, maana neno "ndiyo, bwana" ni fupi, na mwenzio anaweza kukosa chakula kwa ajili yake. Wala usitegemee kilichoungua kurudi. Mpini niliouchonga ulikuwa mzuri, lakini ule wa mkwaju ulikuwa na jasho la miaka ishirini, nami niliuchemshia gundi.

Mungu akupe mkono usiochoka mapema, na ukichoka, ukutane na mpini unaoujua. Akupe mti uliokaa moshini, na subira ya kuungoja. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea tu, akupe mtani wa kukwambia kabla Jumamosi haijafika.